Maili za Sharifa: Maziwa au Ndama?

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Sharifa Chande huziamkia maili zake. Huketi ukingoni mwa kitanda, akachomoa simu chini ya mto, akafungua programu ya shirika la ndege linalomwekea maili kila akisafiri nalo, akakisubiri kile kiduara kizunguke mpaka kichoke. Namba ikitokea, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa wageni wake wamelala salama.

"Mmeamkaje?" huziuliza.

Namba haijibu, wala haijabadilika tangu safari iliyopita, lakini yeye haoni tabu. Wenye kuku nao huwahesabu asubuhi ili wajue wapo, si kwa sababu wanategemea wamezaliana usiku. Akiridhika, anairudisha simu chini ya mto na kwenda kuchemsha maji.

Duka lake la mapazia na mashuka liko Same mjini, mtaa wa pili kutoka stendi, mahali ambapo upepo wa tambarare huleta vumbi mpaka mlangoni na kuyachezesha mapazia yote kana kwamba ndani kuna harusi. Ukimkuta pale, miwani imemshuka puani, tepu ya kupimia shingoni, anabishana na mteja kuhusu nusu mita, huwezi kudhani kwamba mwanamke huyu anajulikana kwa jina na wahudumu wa mapokezi wa hoteli moja ya ghorofa thelathini huko Guangzhou.

Ilikuwa hivi. Wafanyabiashara wanne wa mtaa ule waliona kwamba kwenda China kila mtu kivyake ni kuchezea hela, wakakubaliana wachange nauli na malazi, aende mmoja, anunue kwa niaba ya wote. Ni msaragambo uleule wa milimani wa kuchimba mfereji, kila mtu na jembe lake, isipokuwa huu mfereji ulifika mbali kidogo. Swali likawa nani aende. Devotha, yaani Mama Rodgers, anayeuza nguo za watoto, anaogopa urefu. Hata kupanda kwao Shighatini hufumba macho kwenye kona zote na kuyafungua akisikia watu wanashuka. Mzee Muhidin wa Lembeni, mwenye duka la sufuria na chupa za chai, alisema magoti yake yameshamaliza safari zake. Mbaraka wa chaja na makava ya simu alienda mara moja, akarudi na maboksi ya makava ya aina ya simu ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo kuanzia Mwanga mpaka Hedaru. Akabaki Sharifa.

Kabla ya safari yake ya kwanza, binti aliyemkatia tiketi pale Moshi alimuuliza, "Mama, una kadi ya maili?"

"Sitaki bima," Sharifa alijibu.

"Si bima, mama. Ni bure."

Aliposikia bure, akanyoosha mkono.

Mwanzoni hakuelewa kitu. Safari ya kwanza maili hazikuingia kabisa, kwa kuwa kadi ilimwita Sharifa Chande na tiketi ilimwita Sharifa Salehe Chande, na kompyuta ikaamua hao ni watu wawili wasiofahamiana. Mtu mwingine angesamehe. Sharifa alikuwa amevitunza vile vipande vya kupandia ndege ndani ya kopo la maziwa ya unga, akavipiga picha, akaliandikia shirika, akaandika tena, akaandika mara ya tatu kwa maneno mazito zaidi, mpaka wakamwingizia. Tangu hapo hakuna kipande alichokitupa.

Polepole akaujua mchezo wote. Alijua kwamba kugawanya safari kwenye mashirika matatu ni sawa na kupanda debe moja la mbegu kwenye mashamba matatu: kote kunaota, kote huvuni. Alijua kwamba lile shirika likikuletea picha ya birika la umeme na kusema ulichukue kwa maili, hilo ni tangazo la kukuibia mchana. Birika lile lile Mzee Muhidin analiuza kwa bei ya mlo wa watu wawili. Maili zina thamani kwenye kiti cha safari ya ghali, na kiti chenyewe ukiwahi, maana katika kila ndege viti vya maili ni vichache na watu wa dunia nzima wanavinyemelea. Pointi za hoteli, zile anazowekewa kila akilala kwao, nazo ni hivyo hivyo. Huzitumii pale ambapo chumba ni rahisi. Unavumilia, unalipa, unazitunza mpaka siku utakayofika mji ambao chumba kinauma.

Na Sharifa alikuwa na mji huo moyoni. Alikuwa anazitunzia Makka.

Mama yake, Bi Salha, hakuwahi kumwomba. Alisema mara moja tu, akiwa anachambua kunde uani, kwamba angependa kuiona Kaaba kabla macho hayajafunga duka, kisha akaendelea na kunde zake. Bi Salha ni mtu wa maneno machache. Maswali ndiyo hana kabisa, isipokuwa moja. Sharifa alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, siku aliyorudi nyumbani amekunja gauni lake limejaa mapera. Bi Salha hakufoka wala hakutafuta fimbo. Aliyatazama mapera, akamtazama na binti.

"Mwenyewe anajua?"

Sharifa aliyarudisha yote, pamoja na lile aliloling'ata.

Mwaka huu hesabu ikakubali. Maili zilitosha tiketi moja ya kwenda na kurudi Jedda, ya mama. Yake mwenyewe angeinunua kwa faida ya mapazia. Pointi za hoteli zingewapa chumba karibu na msikiti, ili Bi Salha asitembee mbali. Tatizo lilikuwa moja: maili za zamani zilikuwa zinakufa mwisho wa mwezi, na zikifa hizo, zilizobaki hazitoshi hata kufika Nairobi. Ilikuwa achukue kiti sasa, au aanze upya na mama aliyekwisha kuwa mtu mzima sana.

Basi asubuhi moja alikuwa dukani anavinjari viti vya Jedda, Mbaraka akaingia kuazima ngazi. Mbaraka ana macho ya kuona kioo cha simu ya mtu toka ng'ambo ya barabara.

"Dada Sharifa, unaruka tena bila kutuaga?"

"Siruki mimi. Namtafutia mama kiti. Umra."

"Mashallah! Kumbe mapazia yanalipa hivyo."

"Mapazia yanalipa kiti changu. Cha mama ni bure."

Mbaraka alikuwa ameshaibeba ngazi begani. Akaishusha.

"Bure ya nani?"

"Ya maili. Kila nikipanda ndege yao wananiwekea maili. Zikijaa, wanakupa tiketi." Sharifa alisema kwa majivuno kidogo, kwa sababu alikuwa amemsubiri muda mrefu mtu wa kumsimulia.

"Kila ukipanda kwenda wapi?"

"Si China, Mbaraka. Mimi naenda wapi kwingine?"

"China kwa nauli ya nani?"

Upepo ukaingia, mapazia yakacheza. Sharifa akashika tepu, akapima shuka lililokwisha pimwa.

"Chukua ngazi uende," alisema.

"Naenda, dada. Ngazi nimeazima, nitairudisha. Na mwenye ngazi namjua." Akatoka nayo akipiga mluzi.

Kabla ya adhuhuri Devotha alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Eti umetuficha ndege?"

"Mama Rodgers, na wewe?"

"Mimi siwezi hata kuipanda, ila nataka kujua kama ninayo."

Sharifa alichemka siku nzima. Alikata pazia la mteja likapungua kiganja. Nauli yao, sawa. Lakini nani alilala sakafuni uwanja wa ndege, kichwa juu ya robota la sufuria? Maboksi ya Mbaraka yalipozuiwa forodhani, nani alibaki nyuma anayaombea kwa lugha ya vidole? Na wote watatu wangebeba kadi kama wangetaka. Kadi ilikuwa bure. Alipofika nyumbani jioni alikuwa ameshajihukumu na kujiachia huru. Kiti kipo, simu yake, kidole chake. Nani atamzuia?

Akafungua ukurasa, akajaza jina la mama kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, herufi kwa herufi, akafika kwenye kile kitufe cha mwisho cha kuthibitisha. Wakati huo huo akasikia kuku anajisifu jikoni. Alikuwa yule kuku mwekundu wa jirani, aliyezoea kuja kutaga nyuma ya mtungi wao. Sharifa akaenda jikoni, akainama, akaokota yai, bado lina joto, na akasimama nalo mkono mmoja, simu mkono wa pili, akitafuta pa kuliweka ili kidole kipate nafasi.

Bi Salha alikuwa mlangoni na jagi la maji ya udhu. Akalitazama yai.

"Mwenyewe anajua?"

Sharifa alipeleka yai kwa jirani. Aliporudi, aliifunga programu bila kubonyeza kitu, akaandika kwenye lile kundi la simu la wafanyabiashara wanne: Jumapili, Mama Rodgers akitoka kanisani, tukutane dukani kwake. Nina kesi na mshtakiwa ni mimi.

Mbaraka alijibu kwa kidole gumba kabla hata ujumbe haujatulia.

Watu wengine hutucheka sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Si kweli, ng'ombe huwa tunamkodisha kwanza. Jumapili ile duka la Devotha lilifungwa mlango wa mbele, vigauni vya watoto vikasogezwa pembeni, yakatolewa makande na chai, na watu wanne wakakaa kwa furaha isiyofichika.

"Shikamoo, mzee," Sharifa alimwamkia Muhidin.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa kesi au kwa makande?"

"Kwa vyote, mzee."

"Tuanze na makande. Kesi haipoi."

Walipomaliza, Sharifa akaeleza yote bila kupunguza: kadi, kopo la vipande, maili, hoteli, Jedda, na kwamba mwisho wa mwezi zinakufa. Akaiweka simu katikati ya meza, kioo juu, kila mtu aone.

Mbaraka akakohoa kama wakili. "Mimi sina ugomvi na Bi Salha. Bi Salha ni mama yangu. Nauliza tu. Tungeweza kuchukua tiketi hiyo ya bure kwa safari ijayo ya mzigo, kila mtu akapumzika kuchanga. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," Sharifa alikubali.

"Basi. Nauli yetu imezaa. Mtoto wa nauli ni wa mwenye nauli."

"Subiri hapo," Devotha alisema. Alikuwa bado na gauni la kanisani, na kwa sababu lilikuwa la kubana alizungumza amenyooka kama jaji. "Kwetu Shighatini, mtu akiwa na ng'ombe na hana majani, humpa mwenzake amfugie. Ndama wakizaliwa ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe," Mbaraka alisema. "Umeona? Umejifunga mwenyewe."

"Sijamaliza. Na maziwa?"

Mbaraka akajimiminia chai.

"Maziwa, Mbaraka. Mfugaji anaamka alfajiri, anapanda mlima na mzigo wa majani kichwani. Maziwa anakunywa nani?"

"Mfugaji. Lakini maili si maziwa! Maziwa unakunywa leo, kesho yanatoka mengine. Hizi zimekaa miaka zinanenepa. Hizo ni ndama."

"Ndama gani anakufa mwisho wa mwezi? Maziwa ndiyo yanaharibika!"

"Ndama bila dawa anakufa pia!"

"Maili zinatokana na kutembea. Nauli yako ikikaa kabatini inatoa maili? Mpaka apatikane mtu wa kukaa kwenye kile kiti miguu ivimbe. Ni maziwa hayo."

"Na mtu akikaa kwenye kiti ambacho hakijalipiwa? Anashushwa! Ndama."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikaongezwa maji mara mbili. Sharifa alikuwa anaangalia simu, na moyo wake ulikuwa pale kwenye mstari mdogo chini ya tarehe aliyoichagua, uliosema vimebaki viti viwili.

Mwishowe wakamgeukia Mzee Muhidin. Alikuwa anatafuna punje ya mwisho ya mahindi ya makande, taratibu, kwa upande wenye meno.

"Mimi nilifuga ng'ombe wa mtu nikiwa kijana," alisema. "Mwenyewe alikuja siku moja akanikuta nakunywa maziwa. Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, nipe na mimi kikombe." Akacheka mpaka akakohoa. "Hakusema yangu wala yako. Alikuwa na kiu, na alitaka akaribishwe. Mbaraka, wewe hasa unadai nini? Ndama, au kwamba hukukaribishwa?"

Mbaraka alikuna kisogo. "Ah, mzee. Mtu unasikia neno bure kwa bahati mbaya, umekuja kuazima ngazi!"

Hapo Sharifa akaingilia. "Umesema kweli. Miaka yote hii nawaletea mizigo na risiti za mizigo, na hili sikuwaambia. Sikuwaza kuficha, lakini sikuwaambia. Nisameheni."

"Tumekusamehe tangu makande," Devotha alisema.

"Mimi bado kidogo," Mbaraka alisema. "Kuna suala la mbolea."

"Mbolea gani tena?"

"Ng'ombe ana maziwa, ana ndama, ana mbolea. Kuna zile pointi za hoteli. Kitanda tulilipa wote, kalala mmoja."

"Kwetu na mbolea ni ya mfugaji," Devotha akaanza, lakini Sharifa akamshika mkono. Alifikiria kile chumba karibu na msikiti, na mama yake akitembea pole pole. Alifikiria pia vile vitanda vyeupe vya Guangzhou, mito minne kwa kichwa kimoja.

"Chukueni mbolea," alisema. "Pointi za hoteli zitalipa malazi ya safari ijayo. Na maili zote za kuanzia safari hiyo ni ndama, tutazigawa hapa mezani. Ninachoomba ni haya maziwa ya zamani tu. Ya mama."

Mzee Muhidin akainua kikombe. Devotha akainua chake. Mbaraka alikuwa anainama kuchukua chake, akaona simu.

"Dada! Kimebaki kimoja!"

"Nini?"

"Kiti! Vilikuwa viwili, sasa kimoja! Kuna mtu anakichukua! Bonyeza!"

Sharifa akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikasimama. Mtandao ulikuwa umeondoka, kama kawaida yake.

"Shika yangu, shika mtandao wangu!" Mbaraka alishatoka nje kwa mlango wa nyuma, simu juu kama mtu anayekinga mvua. "Njooni huku kwenye karo, hapa unakamata! Mama Rodgers, ondoka mbele, unaziba!"

"Gauni ndilo linaziba, si mimi!"

Walijipanga wote wanne penye karo la kuoshea vyombo, Mzee Muhidin ameshikilia bega la Devotha, Sharifa ameshika simu kwa mikono miwili kama yai lile. Kiduara kikazunguka. Ukurasa ukatokea unaodai kodi na ada za uwanja, ambazo maili hazilipi.

"Kumbe bure nayo ina kodi!" Mbaraka alisema kwa furaha kubwa.

Sharifa alilipa kwa simu, namba ya siri akaikosea mara moja, akaipatia, na jina la Bi Salha likatokea kwenye kioo, limenyooka, na kiti cha dirishani pembeni yake. Devotha akapiga vigelegele mpaka watu wa stendi wakageuka. Mbaraka naye akapiga, kisha akakumbuka hadhi yake.

"Na bando langu lililotumika hapa," aliuliza, "ni maziwa au ndama?"

"Ni mbolea," Mzee Muhidin akamjibu. "Twende tukamalize chai."

Sharifa alifika nyumbani jua likiwa bado liko juu kidogo ya milima. Bi Salha alikuwa uani, ungo mapajani, anatoa mawe kwenye choroko. Sharifa akaketi karibu naye kwenye mkeka, akavua viatu, akatoa pasi ya mama yake kwenye mkoba, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe, na juu yake akaweka simu.

Akamweleza. Kwamba wanakwenda, wote wawili, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Kwamba kiti chake ni cha dirishani, na yeye Sharifa atakaa nyuma yake au popote atakapopata. Kwamba hawatafikia karibu na msikiti kama alivyopanga, kuna mwendo kidogo, lakini watakwenda wakipumzika, na ataazima kile kigoda cha kukunja cha Mzee Muhidin. Kwamba kiti kimetokana na zile safari za China, kwa maili zile anazoziamkia asubuhi.

Bi Salha alisikiliza, vidole vinatembea kwenye choroko. Alitoa jiwe moja, akalitupa. Akatoa jingine. Kisha akaupeleka ungo pembeni, akaufuta mkono wake kwenye kanga, akaichukua ile pasi na kuifungua penye picha, akajitazama kwa muda kama anayemtazama mtu aliyemsikia tu kwa sifa. Akaifunga. Akamgeukia binti yake.

"Wenyewe wanajua?"

"Wanajua, mama," Sharifa alisema.